Sukari inatoka na maji na rangi ya matope? Mwongozo kamili wa kuendesha sentrifuji ya mafungu

Waendesha sentrifuji, mashine inayozungusha ngoma ili kutenga punje za sukari na molasi, katika ukanda wa miwa wa Kisumu, Kakamega na Bungoma hukwama mahali pamoja. Sukari inatoka imelowa, rangi imekolea, na dawa inayokimbiliwa ni kufungulia maji ya kuoshea kwa muda mrefu zaidi. Rangi inapungua kweli, lakini na mifuko inapungua, huku molasi ikizidi kuwa tamu. Kosa kwa kawaida limeshafanyika kabla maji hayajafunguliwa: kwenye maskwiti yenyewe (uji mzito wa punje za sukari na molasi), au kwenye namna ngoma ilivyojazwa.

Vipimo vilivyomo humu ni vya mashine ya mafungu, yaani inayojazwa na kupakuliwa fungu moja moja, inayopakuliwa kwa kisu, yenye ngoma ya kipenyo cha milimita 1,220 na kimo cha milimita 762, yaani ile ya inchi 48 kwa 30. Inatumika kwa maskwiti ya A, yaani ya mpiko wa kwanza, ndiyo inayotoa sukari ya kuuza. Kama ngoma yako ni ya ukubwa mwingine, hatua ni zilezile. Badilisha uzito wa fungu, maji na kasi.

## Andaa hivi kwanza

- Kufuli la swichi kuu na kibao cha onyo. Ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingia kwenye ngoma, usiachwe ofisini.
- Takometa ya kupima mizunguko.
- Kipimajoto na refraktometa ya Brix (asilimia ya sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka).
- Kioo cha kukuzia mara 10 na vipande viwili vya kioo safi.
- Ndoo ya lita 20 yenye alama za lita, na saa. Ya simu inatosha.
- Chujio la akiba pamoja na wavu wake wa nyuma.
- Mwiko wa mbao au plastiki ngumu. Nondo, patasi na brashi ya waya zisikaribie ngoma.
- Miwani ya kazi, glavu za joto, gambuti na vizibo vya masikio.

Kipimajoto kijaribiwe kwenye maji yanayochemka, ila usitegemee kuona 100. Kisumu iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Bungoma ni kama 95, Nakuru karibu 94. Vipimajoto vizuri vimewahi kutupwa kwa kuwa "vinasoma chini".

## Hatua ya 1: Funga stima, kagua ngoma na chujio

Zima swichi kuu, tia kufuli, kisha jaribu kuwasha kwenye kitufe ili uhakikishe mashine imekufa. Hapo ndipo unafungua mfuniko.

Futa ngoma kwa kitambaa kilicholowa maji moto. Tafuta nyufa kuzunguka matundu, kwenye ukingo wa juu na pale ngoma inapoungana na kitako. Ufa mwembamba hujionyesha ukifuta mara mbili: kitambaa cha pili kikiwa kikavu, kwenye ufa hubaki mstari wa molasi unaovuja polepole. Ukiuona, mashine haifanyi kazi siku hiyo.

Onyo. Ngoma haichomelewi na welda wa kawaida, haitobolewi matundu zaidi, wala haikatwi ukingo ili ibebe zaidi. Kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika, kila kilo iliyo ukutani mwa ngoma hii inausukuma ukuta kwa nguvu ya karibu kilo 980. Ngoma dhaifu ikipasuka, vipande vinatoboa hadi ganda la nje.

Sasa chujio. Lina pande mbili: upande laini wenye matundu membamba, na upande wa pili ambako matundu yanapanuka. Upande laini utazame sukari. Ukigeuzwa, punje zinaingia mahali papana na kukwama mahali pembamba, na ndani ya saa chache chujio limeziba kana kwamba limepakwa lami.

Nyuma ya chujio lazima pawe na wavu wa nyuma. Kazi yake ni kuacha nafasi ili molasi iliyopenya itafute njia hadi matundu ya ngoma. Chujio likilala moja kwa moja juu ya chuma, sehemu kubwa ya matundu yake inaegemea ukuta usiopitisha kitu.

Ncha mbili za chujio zipishane sentimita 5 hadi 7, na ncha inayoonekana isikabiliane na kisu cha kupakulia. Kisu kiiteleze kama kiganja kinavyopita juu ya manyoya ya paka kuelekea mkiani. Ikiwekwa kinyume, kisu kitainyanyua na kulichana chujio zima kwa mkupuo mmoja.

Dalili ya kufaulu: ukipitisha kiganja chenye glavu juu ya chujio huhisi uvimbe, mkunjo wala mahali panapobonyea.

## Hatua ya 2: Ichunguze maskwiti kabla haijashuka

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Sentrifuji haitengenezi sukari. Inatenganisha punje na ute uliozizunguka. Punje zikiwa mbaya, hakuna mzunguko utakaozikomboa.

Joto. Maskwiti ya A ichujwe ikiwa bado moto, nyuzi 65 hadi 70. Ikishuka hadi 50 ute unakuwa mzito na unang'ang'ania punje. Kosa la kawaida ni kuiacha kwenye tangi la kukorogea wakati wa kubadilisha zamu, kisha kuichuja ikiwa imepoa. Kama tangi lina koili, pitisha maji ya moto ndani ya koili. Usifungulie mvuke mbichi ndani ya maskwiti, na usiimwagie maji: vyote viwili vinayeyusha punje ambazo mpishi wa pani (chungu kikubwa cha kupikia shira) amezipika kwa saa kadhaa.

Brix. Pima gramu 100 za maskwiti, ongeza gramu 100 za maji, koroga hadi punje zote ziyeyuke kabisa, soma kwenye refraktometa, kisha zidisha kwa mbili. Usomaji wa 46 ni Brix 92. Lenga 91 hadi 93. Ikiwa chini ya hapo, mpishi ameshusha mapema na sukari iliyopaswa kuwa punje imebaki ndani ya ute. Ikizidi, ni nzito mno kutiririka.

Punje. Chukua tone dogo kwenye ncha ya mwiko, libane kati ya vipande viwili vya kioo, na uliangalie mbele ya taa kwa kioo cha kukuzia. Unachotaka ni punje zenye kona kali, zinazokaribiana ukubwa, za milimita 0.6 hadi 0.8, na kati yake ute wa hudhurungi unaopitisha mwanga. Kuna picha mbili mbaya.

Ya kwanza: katikati ya punje kubwa kuna vumbi la punje ndogondogo. Hizo zimezaliwa wakati pani ilipopoteza vakyumu au ilipolishwa shira haraka mno. Ndani ya ngoma, vumbi hilo litaziba njia zilizo kati ya punje kubwa, na molasi itabaki ndani ya ukuta wa sukari hata ukizungusha dakika kumi. Dawa yake iko kwenye pani.

Ya pili: punje ndefu kama sindano, na ute unaonyumbuka kama mlenda. Hiyo ni miwa iliyokaa. Muwa ukishakatwa, bakteria aina ya Leuconostoc huanza kugeuza sukari kuwa dekstrani, kitu kinachonata kama gundi, na muwa uliochomwa hauvumilii kuchelewa. Msimu wa mvua, matrekta yanapokwama kwenye matope ya barabara za mashambani, picha hii huonekana sana. Siku hiyo punguza uzito wa kila fungu, ongeza muda wa kuzungusha, na umweleze msimamizi kwamba tatizo liko kwenye lango la kupokelea miwa.

Miwa isiyokomaa ni balaa jingine, kwa kuwa shira yake haina usafi wa kutosha (sehemu ya sukari katika vyote vilivyoyeyuka ni ndogo) na punje hukua kwa shida. Mwaka 2023 viwanda vya magharibi vilisimamishwa kusaga kwa miezi kadhaa kwa sababu hiyo. Usiilaumu sentrifuji kwa kosa la shambani.

## Hatua ya 3: Zungusha tupu

Ondoa kufuli, funga mfuniko, washa bila mzigo. Hakikisha ngoma inazunguka upande wa mshale, na kwamba mfuniko ukiwa wazi mashine inakataa kuwaka. Kinga hiyo ikiwa imefungwa waya "ili kazi iende", usiendelee.

Panda hadi kasi kamili na usome takometa. Isipite kasi iliyoandikwa kwenye kibati cha mashine. Kuna mafundi hubadilisha puli ili ngoma ikimbie zaidi na sukari ikauke. Nguvu hupanda kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi kwa asilimia 10, mzigo kwenye ukuta wa ngoma unapanda kwa asilimia 21. Ngoma haikupewa chuma cha ziada kwa ajili ya puli yako.

Mtikisiko mfupi kasi ikiwa ndogo ni wa kawaida, kwa kuwa mashine imening'inia kwenye raba na ina kasi yake inayoiyumbisha. Ukipita hapo itulie. Ikiendelea kutetemeka ikiwa tupu, angalia mabaki ya sukari yaliyoganda upande mmoja, kisha raba, kisha beringi, kwa mpangilio huo. Mara nyingi ni mabaki.

Dalili ya kufaulu: mvumo mmoja usiobadilika, na breki inaisimamisha kwa muda uleule kila mara.

## Hatua ya 4: Jaza ngoma

Shusha kasi hadi mizunguko 200 hadi 250 kwa dakika, kisha fungua lango la maskwiti. Usijaze ngoma ikiwa imesimama. Uji utarundikana upande mmoja. Wala usijaze kwa kasi kubwa: molasi itakimbia mara tu maskwiti inapogusa chujio, uji utakauka palepale ulipotua, na sehemu nyingine ibaki na tabaka jembamba.

Ukuta wa maskwiti uwe na unene wa milimita 150. Ngoma hii hapo inabeba kama kilo 560. Ukingo wake kwa kawaida ni milimita 178, na kishawishi ni kuujaza wote. Usiujaze. Molasi iliyo upande wa ndani lazima isafiri unene wote huo kufika kwenye chujio, na fungu likifurika linaruka juu ya ukingo na kuingia moja kwa moja kwenye molasi, punje na ute pamoja. Katika siku tatu za kwanza za kutumia chujio jipya au mpishi mgeni, anza na milimita 100 tu.

Funga lango kabla ya kufika kwenye alama, maana maskwiti iliyo kwenye mfereji bado itateremka.

Mtikisiko ukianza wakati wa kujaza: funga lango, usipandishe kasi. Ukiongezeka, bonyeza kitufe cha kusimamisha, rudi nyuma, na uiache isimame yenyewe. Usifungue mfuniko, na usitie mwiko kusawazisha kitu kinachozunguka, hata polepole. Mikono imepotea hivyo.

Ukuta ukiwa mnene chini kuliko juu, kasi ya kujazia ni ndogo au maskwiti imepoa. Panda hatua ndogo ndogo, mizunguko 20 kwa kila fungu, hadi ulingane.

## Hatua ya 5: Panda kasi na usubiri

Pandisha hadi kasi kamili, 1,000 hadi 1,200 kwa mashine nyingi za ukubwa huu. Molasi nzito inaanza kulia kwenye ganda kama mvua ya mawe juu ya mabati, kisha sauti inalainika.

Usifungue maji bado. Angalia ukuta wa sukari kupitia kioo cha mfuniko. Mwanzoni unang'aa kama sakafu iliyotoka kupigwa deki, kwa kuwa ute bado umefunika punje. Halafu, ndani ya sekunde chache, mng'ao unafifia na uso unaonekana mkavu, wenye chembe. Hiyo ndiyo ishara kwamba ute umezama chini ya uso wa punje. Ukiosha kabla ya hapo, maji yako yanachanganyika na molasi nzito, yanaifanya nyepesi, na yanatoka nayo bila kugusa zile punje za ndani.

Pima kwa saa muda kutoka kufunga lango hadi mng'ao kufifia, kwa mafungu matano, na uandike. Huo ndio muda wako wa maskwiti ya siku hiyo. Kesho utabadilika.

## Hatua ya 6: Osha, na upime maji

Kazi ya maji hapa ni kusukuma utando mwembamba wa molasi uliobaki juu ya punje. Hatufui nguo. Yanatakiwa machache, ya moto wa nyuzi 80 hadi 90, na yaenee kimo chote cha ngoma.

Kipimo ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa maskwiti. Kwa fungu la kilo 560, ni lita 6 hadi 11. Kabla ya zamu, mashine ikiwa imesimama na kufungwa, elekeza bomba lenye nozeli kwenye ndoo, fungua vali kwa sekunde 10, na usome lita. Bomba likitoa lita 6 kwa sekunde 10, basi sekunde 10 hadi 18 ndizo zako. Anayehesabu kichwani huku akiongea na mwenzake huishia sekunde 30.

Gawa mara mbili: theluthi mbili mng'ao unapofifia, pumzisha sekunde 10 hivi, kisha theluthi iliyobaki. Mkupuo mmoja mrefu huchimba vijito kwenye ukuta na maji yote yanafuata humo.

Sasa hesabu inayouma. Lita moja ya maji ya nyuzi 80 ina uwezo wa kuyeyusha zaidi ya kilo 3 za sukari. Ukizidisha lita 5 kwa kila fungu, unaweza kuyeyusha kilo 15. Tuseme maji hayapati muda wa kushiba na yanabeba nusu yake tu, kilo 7.5. Mafungu 15 kwa saa, zamu ya saa 8, ni mafungu 120: kilo 900, yaani mifuko 18 ya kilo 50. Haipotei yote, kwa kuwa sehemu hurudi kupikwa upya, lakini inakula mvuke mara ya pili na sehemu nyingine inaishia kwenye molasi ya mwisho.

Jinsi ya kusoma rangi baada ya kuosha:

Michirizi ya hudhurungi ya mlalo, kila mara mahali palepale, ni nozeli iliyoziba. Ifungue, isafishe kwa maji moto na kijiti. Ukuta mweupe juu na mweusi chini ni presha ndogo ya maji au ukuta usiolingana. Sukari iliyo sawa kote lakini nyeusi yote ni muda mfupi wa kusubiri, au vumbi la punje. Rudi kwenye kioo cha kukuzia kabla ya kugusa vali.

## Hatua ya 7: Tenganisha molasi mbili

Inayotoka kabla ya kuosha ni nzito. Inayotoka wakati wa kuosha ni nyepesi na ina sukari nyingi zaidi. Kama mashine ina mfereji wa kugeuza, ugeuze sekunde chache baada ya maji kuanza, si papo hapo, kwa sababu molasi nzito bado inateremka kwenye ganda. Nzito ikipanda usafi bila sababu, mfereji unachelewa kugeuka au vali ya maji inavuja kwenye fungu zima. Vali inayovuja ni mwizi asiyeonekana. Iangalie mashine ikiwa imesimama.

## Hatua ya 8: Kausha, simamisha, pakua

Baada ya maji, zungusha kwa kasi kamili sekunde 30 hadi 60. Zaidi ya hapo unachoma stima bure. Shusha kasi, kisha kwa mizunguko 50 hivi ingiza kisu. Kisu kiache nafasi ya milimita chache kutoka kwenye chujio. Tabaka jembamba litakalobaki ni la kawaida, na ndilo linalolilinda chujio.

Kabla ya fungu linalofuata, nyunyizia chujio maji moto kwa sekunde 3 hadi 5. Hatua hii hurukwa sana, na ndiyo sababu mashine inayofanya vizuri asubuhi huanza kutoa sukari iliyolowa alasiri.

Dalili ya kufaulu: chukua sukari iliyoporomoka, ibane kwenye ngumi, fungua. Ikishikamana kidogo kisha ikavunjika ukiigusa kwa kidole, unyevu uko karibu asilimia 1 au chini yake. Ikibaki donge lenye alama za vidole, au kiganja kikaachwa na kunata, haijakamilika. Bado ipitie kwenye kikaushio na ipoe hadi chini ya nyuzi 40 kabla ya mfuko kushonwa. Ikifungwa ikiwa moto, unyevu unahamia kwenye kuta za mfuko na baada ya wiki mteja anapokea jiwe.

## Stima ikikatika ngoma ikiwa imejaa

Funga lango la maskwiti na vali ya maji kwa mkono, kisha uzime swichi kuu ili mashine isijiwashe umeme ukirudi ghafla. Iache ngoma isimame yenyewe. Inaweza kuchukua dakika nyingi, na ni hatari muda wote huo hata kama haina sauti.

Ukirudi umeme ndani ya dakika chache, usiendelee pale ulipoachia. Ukuta umeshuka upande mmoja na ukipandisha kasi utatikisa mashine yote. Tia kufuli, loweka kwa maji moto, yeyusha, na uanze fungu jipya. Ukuta ulioganda haupigwi kwa patasi: kilo kadhaa za sukari ni nafuu kuliko chujio, na shira unayoipata inarudi kwenye pani. Ukimaliza, kagua ncha za chujio kama ulivyofanya kwenye hatua ya 1, zungusha tupu, kisha ujaze kwa milimita 100 kwa fungu la kwanza.